Kioo Kilichoogopa Radi

Mimi nimeendesha greda maisha yangu yote ya kazi. Ukikuta mahali kati ya Rongo na Homa Bay ambapo barabara imelala sawa mpaka kuku anateleza, ujue huo ni mkono wangu. Kuna kilima upande wa Ndhiwa nilikisawazisha vizuri hivi kwamba watu wa pande mbili, ambao hawakuwahi kuonana tangu babu zao, walisalimiana siku ileile. Mke wangu Priscilla husema kilima hicho hakijawahi kuwepo. Namwambia, sasa umeona? Hiyo ndiyo kazi safi.

Nilipostaafu, serikali ilibaki na greda, mimi nikabaki na spana. Na mtu aliyezoea kuinua kisu cha greda, kukilaza na kukigeuza anavyotaka, hawezi kukaa tu akitazama vitu vimesimama wima kama vimekatazwa kuinama. Nikaweka bawaba kwenye meza ya chakula. Nikaweka bawaba kwenye kitanda. Priscilla alipoona naliangalia kabati lake la vyombo, akakaa mbele yake kwa siku nzima.

Wakati huo, miaka ya tisini hiyo, tulikuwa tunakaa mtaa wa Shauri Yako pale Homa Bay, na jirani yetu alikuwa Cephas Onyango, kinyozi. Chumba cha mbele alinyoa, cha nyuma alilala, katikati pazia. Cephas alikuwa na ugonjwa mmoja: kila akipata faida, ananunua kioo. Kuta zake zote zilikuwa vioo. Ukiingia peke yako kunyolewa, unakuta tayari mko kamati.

Basi Cephas akampenda Bitutu, msichana wa Kikisii, fundi cherehani wa Migori mjini. Bitutu naye akampenda. Lililobaki lilikuwa wazee. Mjomba wa msichana, Mzee Simeon, alikuja kuona boma kama desturi inavyotaka. Akaangalia paa, akaangalia pipa la maji, akauliza kama kijana anakunywa, akaambiwa anakunywa uji. Akarudi Migori na sifa njema. Ila sifa zikizidi huvuja. Mzee Simeon akamwambia dadake, Mama Kemuma, ambaye ndiye mama wa Bitutu, kwamba nyumba ya yule kijana inang'aa vioo kila upande.

Mama Kemuma akaweka kikombe chini.

Lazima ujue habari ya huyu mama. Kabla ya kuhamia Migori kufanya biashara ya ndizi alikuwa ameolewa milimani Kisii, na kule radi haina mchezo. Watu wote huku wanajua kwamba ngurumo ikianza unafunika kioo kwa shuka. Siku moja yeye hakukifunika. Radi ikapita juu ya nyumba, ikachungulia dirishani, ikajiona kwenye kioo, ikadhani ni ndugu yake aliyepotea. Ikaingia kumsalimu. Hivyo ndivyo anavyosimulia mwenyewe, na mimi siwezi kuongeza neno kwa maana limetosha. Paa likaenda, ng'ombe akaenda. Tangu siku hiyo hakukuwa na kioo katika nyumba ya Mama Kemuma. Kitambaa cha kichwa alikifunga kwa kupapasa.

Jibu likaja Homa Bay kwa mdomo wa Bitutu mwenyewe, amesimama mlangoni kwa Cephas, macho mekundu.

"Mama amesema hivi: vioo vile vyote, na ziwa lile, na radi za huku za kila alasiri? Hawezi kunitoa niolewe na moto."

"Mwambie nitavifunika kwa shuka," Cephas akasema.

"Nimemwambia. Akauliza, mkasi mkono huu, kichwa cha mtu mkono ule, utafunika kwa mkono gani?"

Cephas akatazama mikono yake kama ndiyo mara ya kwanza kugundua iko miwili tu.

"Na yule wa Rongo anayetaka kunioa amerudi tena," Bitutu akaongeza pole pole. "Yule wa posho mill, msaga unga. Mama anasema kwake hakuna hata kijiko kinachong'aa."

"Huyo kioo kingemsaidia nini, kwa uso ule?"

Bitutu hakucheka. Alisema Jumapili ya kwanza ya Machi wazee watakaa kwa mama yake, na Cephas aje na jawabu. Asipokuwa nalo, maneno yatafungwa na ya mtu wa Rongo yatafunguliwa. Akaondoka. Cephas akavuka ua, akaja akaketi kwenye kigoda changu, ambacho nilikuwa nimekiwekea bawaba juzi tu, kikamwangusha.

"Jaduong', mzee wangu," akasema akiwa palepale chini, hakujali hata kuinuka, "kinyozi anaweza kuishi bila kioo?"

"Anaweza. Wateja ndio hawawezi."

"Basi nimekwisha."

Ndipo nilipopata lile wazo. Lilinijia nikiwa nimesimama, na mpaka leo nikipita mahali pale navua kofia.

"Omera, ndugu yangu, kisu cha greda kinapanda, kinashuka, kinalala, kinageuka, na jioni kinakunjwa. Kwa nini kioo kiangikwe ukutani kama picha ya marehemu? Toa hivyo vyote. Baki na kimoja. Mimi nitakiundia stendi. Mrefu akija, kinapanda. Mtoto akija, kinashuka. Mtu anataka kuona kisogo, kinazunguka. Na ngurumo ikilia, kinajifunga."

"Chenyewe?"

"Chenyewe."

"Kitajuaje?"

"Kitasikia."

"Kioo kisikie?"

"Wewe kazi yako kunyoa. Mambo ya kusikia niachie mimi."

Sauti ya Priscilla ikatoka jikoni: "Mimi namwita huyo chakula kikiwa tayari mpaka kinapoa. Leo ndiye atafundisha kioo kusikia! Yawa!"

Cephas akateremsha vioo vyake, vyote isipokuwa kimoja kikubwa cha kuona uso mpaka kifua, akaviuza kwa wachuuzi wa omena, dagaa wa ziwani, waliokuwa wanavuka kwenda kisiwa cha Remba. Vilipendwa sana kule, ingawa niliambiwa havikuwasaidia. Remba watu wamebanana hivi kwamba ukijitazama kwenye kioo unamkuta mwingine ameshatangulia.

Stendi ya kwanza niliitengeneza kwa mwavuli. Usinicheke. Mwavuli ni kifaa chenye akili, unafunguka na kukunjika kwa mkono mmoja. Niliugeuza juu chini, mbavu zake zikawa miguu, mpini wake ukawa nguzo, kioo nikakifunga juu. Kitambaa sikukitoa kwa sababu kilikuwa kizuri. Hapo ndipo palipokuwa na kosa. Tuliusimamisha nje mbele ya duka, Cephas akampaka povu mteja wake Nyabuto, karani wa mnadani, mtu mnene anayejiheshimu. Upepo wa ziwa ukaja. Mwavuli ukainuka na kioo chake. Sasa Nyabuto alikuwa ameshanyolewa shavu moja na hakuwa amelitazama vizuri, akaondoka na kiti, akaufuata uso wake ukielea mbele yake, akateremka nao barabara nzima mpaka gatini, watu wa samaki wakampisha. Wengine wanasema alikamilisha kunyolewa huku anakimbia. Hilo sikuliona, kwa hiyo silisemi.

Ya pili nikaacha mambo ya upepo. Nguzo nikachukua kile chuma cha kiti cha baiskeli pamoja na bomba lake: unalegeza skrubu, kiti kinapanda, unakaza, kinakaa. Miguu mitatu ya bomba jembamba, kila mmoja na bawaba yake, ikikunjwa inalala kando ya nguzo kama watoto kando ya mama yao. Shingo nilitoa kwenye kioo cha pembeni cha lori lililokufa gereji, lile fundo la mviringo linalozunguka kila upande na kubaki pale ulipoliacha. Hiyo ndiyo shingo hasa. Kuna binadamu hawana shingo kama hiyo.

Kisha milango. Niliweka mbao mbili nyembamba mbele ya kioo, kulia na kushoto, kama madirisha, nikazipaka rangi nyeusi isiyong'aa. Milango ikaunganishwa na springi ya mtego wa panya. Na sikio la kioo, ile siri yenyewe, lilikuwa gololi ya chuma kutoka kwenye beringi ya greda yangu, niliyoondoka nayo kama kumbukumbu. Gololi inakaa juu ya kizibo cha soda kilichobonyezwa kidogo. Ngurumo ikitikisa, gololi inabingirika, inaanguka ndani ya kopo. Kopo limefungwa kamba, kamba inafyatua mtego, milango inafunga. Naomba unionyeshe mtu wa chuo aliyewaza hivyo bila chai.

Tatizo likawa moja: ilikuwa Februari. Jua kali. Mbingu haina hata kikohozi. Tutajaribuje kitu kinachoogopa radi mahali ambapo radi imesafiri?

"Twende Macalder," nikasema.

Kule Macalder kuna wachimbaji wa dhahabu, na wakikuta jiwe limegoma hulipiga baruti. Nilikuwa nafahamiana na mmoja wao, Maroa, Mkuria mwenye sharubu za kifalme, zimepinda juu pande zote mbili kama pembe za ng'ombe wa kwao. Tulipomweleza, alicheka mpaka vumbi likamtoka nguoni.

"Yaani mmekuja kuazima radi?"

"Tunaazima sauti yake tu," nikasema. "Moto ubaki nao."

Akakubali, tena akajitolea kuwa mteja, mradi sharubu zisiguswe, anyolewe kidevu tu. Tukasimamisha stendi nyuma ya kibanda, mbali na shimo. Nikapandisha kioo, nikakiinamisha kidogo. Cephas akaanza kazi, wembe unateleza, Maroa anajitazama na kujipenda. Wenzake wakapiga kelele kule shimoni kwamba watu wajifiche. Halafu: *DUUU!*

Nakwambia kioo kilisikia! Gololi, kopo, kamba, milango: *PAA!* Kilijifunga kwa nguvu ya mitego miwili ya panya. Mwenye uso akashtuka, mwenye wembe akashtuka, na tulipofungua milango kuangalia, Maroa alikuwa na nusu ya ufalme.

Hata vumbi la baruti liliteremka kwa adabu.

"Cephas," Maroa akasema, anapapasa, "ile nyingine iko wapi?"

"Ipo, bosi. Iko chini."

"Mimi nitaingiaje nyumbani hivi? Mke wangu atauliza nusu hii nimemwachia nani."

Tuliitoa ya pili ili zilingane, na kwa wiki kadhaa mbwa wake alimbwekea. Lakini somo tulilipata. Kitu cha kufunga hakifungi kama mwizi anafukuzwa. Nikarudi nyumbani nikaongeza vipande vya mpira wa tyubu ya baiskeli kuizuia springi, nikaijaribu kwa kupiga debe mpaka Priscilla akahama kwenda kwa dadake. Alipokuwa anarudi, milango ilikuwa inafunga taratibu, kushoto kwanza, kulia ikafuata, na nguzo, ambayo sasa skrubu yake ililegezwa na kamba ileile, ikazama chini kidogo kidogo. Ungedhani ni muumini anainama kusali.

Machi ikafika na mawingu yake. Jumapili ile tulikwenda Migori, mimi na Cephas. Yeye amevaa koti jipya la kijivu, amekaba shingo kwa tai. Mimi nimebeba stendi, imekunjwa, imefungwa kwa gunia.

Sasa sikiliza jambo moja kabla hatujaingia. Wakisii wana adabu zao za heshima wanaziita chinsoni, na sisi Wajaluo tunazo za kwetu zinazofanana nazo kama ndugu. Kijana na mama mkwe hawatazamani usoni. Hawakaribiani, hawagusani, hata salamu hupita kwa mtu wa tatu. Kwa hiyo Cephas, ambaye maisha yake yote yalitegemea siku ile, asingeweza kusema neno moja kwa mama yule wala kumwonyesha chochote. Alikaa kwenye kigoda karibu na mlango, uso umegeuka nusu tu kuelekea ua, macho chini. Jawabu lake lote lilikuwa mikononi mwangu, ndani ya gunia.

Mama Kemuma alikuwa amekaa ndani, mgongo kwa mlango, kwa sababu ileile. Mwanamke mkubwa, sauti kama ya mtu aliyebishana bei za ndizi miaka mingi na hakushindwa. Kando yake Mzee Simeon. Bitutu alikuwa jikoni, akigonganisha sufuria ambazo hazikuhitaji kugonganishwa.

"Omogaka, mzee wetu, karibu. Hiyo ni nini kwenye gunia?"

"Mama, ni sanduku tu."

"Sanduku lina miguu mitatu?"

"Linapenda kusimama, Mama."

"Na ndani yake?"

"Ndani yake ni kioo. Lakini ni kioo kinachoogopa radi kuliko wewe."

Mzee Simeon akakohoa kuficha kicheko. Mama akavuta kiti chake nyuma. Nikamweleza yote: sikio, kopo, mtego, tyubu. Nikamwonyesha jinsi linavyokunjwa likaingia chini ya kitanda. Aligusa mbao zile nyeusi kwa ncha ya kidole, akakitazama kidole chake kama hakijaungua.

"Fungua kidogo," akasema. "Kidogo!"

Nikafungua. Mama Kemuma akatazama. Akasogea.

"Huyu ni nani?"

"Ni wewe, Mama."

"Mimi? Huyu ni mama yangu mzazi!" Akageuza shingo huku, akageuza kule. "Na kitambaa kimekaa upande hivi? Simeon! Miaka yote hii nimetembea sokoni kitambaa kimelala sikioni, na wewe ulikuwa unaniangalia tu?"

"Mimi nilidhani ndiyo mtindo," Mzee Simeon akasema.

Akakipanga kitambaa. Kisha akaanza kuniamuru. Kishushe. Nikashusha. Hapana, kinanionyesha kifua, kipandishe. Nikapandisha. Kiinamishe. Sasa kigeuze kushoto. Kushoto zaidi. Kidogo tena. Hapo. Hapana, umepita. Moyo wangu ukafurahi kwamba sasa anajiangalia sikio, maana mtu akishafika kwenye sikio ameshakizoea kioo. Nikasogea begani kwake kukaza skrubu ya shingo, nikainama, na macho yangu yakaangukia pale yalipokuwa macho yake.

Hakuwa anaangalia sikio. Katikati ya kioo, amekaa kwenye fremu kama picha ya pasipoti, alikuwa Cephas.

Nikaendelea kukaza skrubu iliyokwisha kukazwa. Mama akauliza, sauti ya chini, midomo haifunguki:

"Lile kovu kwenye nyusi, ni la nini?"

"La nani, Mama?"

"Fundi, jibu unaloulizwa."

"Alianguka na baiskeli."

"Amelewa?"

"Alikuwa anamkwepa bata."

"Mm." Akasogeza kioo kwa kidole chake mwenyewe, unywele mmoja hivi. "Na hayo meno?"

"Ni yake yote."

"Mbona anakunja mikono hivyo? Anaumwa tumbo?"

"Anaogopa, Mama."

"Mm," akasema tena, na mara hii ile *mm* ilikuwa na sukari kidogo.

Hapo ndipo ngurumo ya kwanza ilipotoka upande wa ziwa. Ilikuja taratibu, ikivuta miguu. Vikombe vikaongea kidogo kwenye sinia. Sote tukakitazama kioo. Nikasikia gololi: *tk*. Kopo likashuka. Mlango wa kushoto ukaja, wa kulia ukafuata, nguzo ikazama, na kioo chote kikawa kimeinama palepale, cheusi, kimya, hakina hata chembe ya kung'aa. Sijawahi kuona kitu changu kikitii namna ile. Hata watoto wangu.

"Kimesikia!" Mzee Simeon akasimama. "Wallahi kimesikia! Kemuma, umeona?"

Nikajiweka sawa kupokea shukrani.

"Fungua," Mama Kemuma akasema.

"Mama?"

"Fungua hicho kitu!"

"Mama, radi imeanza. Ndiyo kazi yake, ina..."

"Radi nimeisikia, mimi si kiziwi! Yule kijana ametoka mlangoni. Nimeona kivuli chake. Nataka kujua anakwenda wapi."

"Si ugeuke tu umwangalie, Mama? Mlango uko wazi."

Aliniangalia kama niliyetukana kanisani. "Nigeuke nimtazame mkwe? Mimi? Unadhani sikufunzwa kwetu?"

Nikafungua. Ngurumo ya pili ikalia, kubwa kuliko ya kwanza, na gololi, ambayo nilikuwa nimeirudisha haraka haraka, ikaanguka tena. Milango ikaanza kufunga. Mama Kemuma akaingiza kiwiko. Mlango wa kushoto unasukuma, yeye anasukuma. Wa kulia ukaja, akauzuia kwa kiganja. Umeme ukawaka, chumba chote kikawa cheupe, na yule mama aliyekaa miaka bila kioo kwa ajili ya radi alikuwa amekishika kimoja kwa mikono miwili, pua yake karibu inagusa, ananikemea mimi: "Inua! Inua kidogo! Naona miguu tu!"

Nikainua. Na mimi nikatazama.

Ua wa Mama Kemuma ulikuwa umeanikwa wimbi, ile nafaka ya uji, juu ya turubai, na mvua ilikuwa tayari imeanza kudondosha matone mazito. Hakuna mtu aliyemwambia Cephas lolote. Hakujua kama yuko mtu anayemwona. Alikuwa amekunja pembe za turubai, koti lake jipya la kijivu likiwa mwilini, anafukuza kuku kwa mguu mmoja, anavuta kwa mikono yote miwili. Akateleza. Akaanguka kifudifudi kwenye tope, tai na yote, lakini wimbi alilishikilia juu kama mtoto wa ubatizo. Bitutu akatoka jikoni mbio, akashika upande wa pili. Cephas akamwambia kitu. Sijui alimwambia nini, mvua ilikuwa na kelele, lakini msichana alicheka mpaka akainama na mzigo wake, mvua inampiga mgongoni, na hakuonekana hata kujua kama ni mvua.

Mama Kemuma alitazama mpaka mwisho. Kiwiko chake kilikuwa kinatetemeka kwa ile springi.

"Ameinua lote?" akauliza.

"Lote, Mama."

"Hakuacha lile la pembeni?"

"Amelirudia. Lile pale."

"Mm." Akatoa kiwiko. "Sasa funga. Radi imeanza."

Milango ikafunga. Akajiweka kwenye kiti, akapanga kitambaa ambacho hakikuwa kimeharibika, akamgeukia ndugu yake.

"Simeon, mwambie yule kijana aliye hapo nje kwamba kwa Bitutu hakuna pingamizi tena. Yule wa Rongo atafutiwe salamu nzuri za kumuaga. Na mpe taulo, ila usimwambie ni mimi niliyesema."

Nilitaka kuruka, ila nyumba ya watu ina heshima zake. Nikaanza kukunja miguu ya stendi.

"Unafanya nini?" Mama akauliza.

"Naifunga, Mama, twende nayo."

"Iende wapi? Inabaki hapa."

"Lakini Mama, hii ni ya kazi ya kijana."

"Vile vioo vingine viko wapi?"

"Aliviuza Remba."

"Kwa hiyo kwake Homa Bay sasa hakuna kioo?"

"Hakuna hata kimoja."

"Si ndicho nilichotaka? Binti yangu anakwenda kwenye nyumba isiyo na kioo. Mimi kwangu nina hiki kinachojifunga. Shida iko wapi, Omogaka?"

"Na wateja, Mama? Watajionaje?"

"Kinyozi anaoa. Mke wake ana macho."

Na ndivyo ilivyokuwa. Cephas alifanya kazi Homa Bay bila kioo, na biashara haikufa, iliota mbawa. Mteja akimaliza kunyolewa, anageuzwa kwenye kiti kuelekea cherehani ya Bitutu, na Bitutu anainua macho kwenye mshono anamwambia ukweli. "Kushoto bado." "Rudi ukae." "Wewe sasa hivi nenda ukamwombe yule msichana, usingoje kesho." Watu walitoka Mbita, walitoka Karungu, wengine hawana hata nywele, wanataka tu kuambiwa walivyo. Kioo hakijawahi kumshauri mtu aache kidevu bila kunyolewa, lakini Bitutu alimshauri Nyabuto, na leo Nyabuto ana ndevu na mke wa pili.

Mimi nilipata kazi nyingine. Habari zilitembea Migori nzima, na kina mama wakaanza kunitafuta. Hakuna aliyesema anataka kumchungulia mkwe, wote walisema wanataka stendi ya kujipamba. Nilijua kwa swali moja tu: walikuwa wananiuliza kama inaweza kugeuka mpaka iangalie mlango. Nilitengeneza nyingi hivi kwamba panya wa Homa Bay walizaliana bila hofu, maana mitego yote madukani niliimaliza mimi. Na radi nayo, wanasema bado hupita juu ya nyumba ya Mama Kemuma kila Machi, ila ikichungulia dirishani na kuona jinsi anavyoitazama kwenye kile kioo, inageuza njia na kwenda Tanzania.

Priscilla hakubali hata nusu ya haya. Anasema mimi naongeza chumvi mpaka mtu anahitaji maji. Sawa. Lakini binti yetu Dorine alipoleta kijana wake nyumbani mara ya kwanza, niliporudi kutoka kumkaribisha getini nilikuta stendi yangu ya akiba, ile niliyoambiwa ni takataka na itolewe chini ya kitanda, imesimama sebuleni. Priscilla alikuwa amekaa mbele yake, mgongo kwa mlango, anachana nywele ambazo zilikuwa zimeshachanwa na kusukwa tangu asubuhi.

"Baba Dorine," akaniambia bila kugeuka, "hebu kishushe kidogo. Na kushoto."